Mnaniuliza kama huku jirani anaweza kukunyang'anya bunduki

Swali la Kaka Hamisi limezunguka kundi la ukoo wiki nzima: ni kweli huko Marekani jirani akikuchukia anapiga simu tu, polisi wanakuja kubeba bunduki yako bila kesi? Wengine mmeshacheka, demokrasia gani hiyo. Shangazi naye kauliza kama mimi ninayo. Nawajibu kwa sababu naishi Minnesota, na jimbo hili tangu tarehe 1 Januari 2024 lina sheria inayoruhusu mahakama kuamuru mtu anayeonekana hatari kwake mwenyewe au kwa wengine aondolewe bunduki kwa muda. Wenyewe wanaziita sheria za bendera nyekundu.

Kwanza, jirani hawezi. Hapa anayepeleka maombi mahakamani ni mtu wa familia au anayeishi nyumba moja na mhusika, mkuu wa polisi, au mwanasheria wa mji au wilaya. Anakula kiapo, anaandika alichokiona na alichokisikia, jaji anasoma. Hatari ikiwa ni ya saa hiyo hiyo, jaji anaweza kutoa amri ya siku 14 kabla mwenye bunduki hajajua lolote. Ikitakiwa amri ndefu, lazima mhusika aitwe ajitetee, na hiyo ni kati ya miezi 6 na mwaka 1. Anayedanganya kwa makusudi, au anayepeleka maombi kumkomoa mtu, ametenda kosa la jinai.

Najua mnawaza mjumbe wa nyumba kumi, jinsi neno linavyotoka uani kwa mtu na kufika ofisini likiwa limeota mikia. Huku angalau neno lina karatasi, na karatasi ina jina la aliyelisema. Mwaka 2020 katika jimbo la Colorado mama mmoja aliapa kwamba amezaa na askari aliyemuua mwanawe kwa risasi, ili apate haki ya kuomba amri dhidi yake. Hawakuwa wamezaa pamoja. Jaji aliyatupa maombi, na mama akashtakiwa kwa kiapo cha uongo. Uchungu wake naufahamu kabisa, lakini mlango ule haukujengwa kwa kazi hiyo.

Msidhani basi kila kitu ni shwari. Wanaolalamika si wapenzi wa bunduki peke yao. Mwaka 2018 hata ACLU ya Rhode Island, watetezi wa haki za raia ambao hakuna anayewaita watu wa bunduki, walionya kwamba muswada wa jimbo lao ulikuwa mpana mno: unamwadhibu mtu kwa jambo ambalo hajalitenda, kwa makisio kwamba huenda akalitenda. Mimi naona hoja yao ina uzito. Tena kwa kuwa shauri ni la madai, si la jinai, maskini hapewi wakili wa serikali. Colorado wanatoa wakili, na sioni kwa nini majimbo mengine yashindwe.

Halafu kuna namna amri inavyofika mlangoni. Novemba 2018, mwezi mmoja tu baada ya sheria ya Maryland kuanza, askari walimgongea mtu mlango kabla ya alfajiri kupeleka amri ya aina hiyo. Alifungua akiwa na bunduki mkononi, kukawa na vuta nikuvute, wakamuua. Hakuwa ameshtakiwa kosa lolote. Kisa hicho kinanisumbua kuliko hotuba zote kuhusu haki ya kuwa na bunduki iliyo kwenye Katiba yao.

Lakini nikigeuka upande wa pili nakuta maiti vilevile. Tarehe 5 Januari 2018 FBI, wapelelezi wa serikali kuu, walipigiwa simu kuhusu kijana wa Florida mwenye silaha na maneno ya kuua. Taarifa haikupelekwa kwa wenzao wa ofisi ya Miami, huko huko Florida. Februari 14 aliua watu 17 katika shule ya Parkland, na gavana Rick Scott wa Republican, chama ambacho kwa kawaida hutetea wenye bunduki, akasaini sheria ya aina hii mwezi uliofuata. New York walikuwa nayo tangu 2019. Kijana mmoja wa huko alipelekwa kupimwa akili baada ya kuandika shuleni kuhusu kuua, lakini hakuna aliyeomba amri. Mei 2022 aliua watu weusi 10 kwenye duka la vyakula Buffalo. Watu kama sisi, wamekwenda kununua mahitaji.

Na jambo msilolisikia kwenye habari: zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa bunduki Marekani wanajiua wenyewe. Connecticut, jimbo la kwanza kutunga sheria hii mwaka 1999, watafiti walikadiria kwamba kila mara bunduki zilipochukuliwa kwa watu 10 hadi 20, mmoja aliokolewa asijiue. Hapo ndipo ninapoiunga mkono, na hapo ndipo sisi Waafrika tunakwama. Kijana wa kwetu akianza kujifungia chumbani, tunasema ni uchovu wa zamu za usiku, tunamwombea, tunaficha ukoo usijue. Kuita polisi kwa mtoto mweusi mwenye msongo wa mawazo, na ndani kuna bastola? Wazazi wengi ninaowajua huku wangefikiria mara mia, na sithubutu kuwaita waoga. Maombi unaweza kuyapeleka mwenyewe mahakamani bila kupiga 911, namba ya dharura ya polisi. Sawa. Ila atakayepeleka amri nyumbani ni askari yuleyule.

Kuhusu Katiba, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua Juni 2024, katika kesi ya Rahimi, majaji 8 kwa 1, kwamba mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa kutishia mwenzake nyumbani anaweza kuzuiwa kuwa na bunduki. Haikuwa kesi ya bendera nyekundu moja kwa moja, lakini wanaozitetea wamepumua. Oklahoma wao walishapiga marufuku sheria hizi mwaka 2020, kwa hiyo ukihama jimbo, haki zako nazo zinabadilika.

Shangazi, mimi sina bunduki. Mwenye nyumba wangu anazo za kuwindia kulungu, amezifungia kwenye kabati la chuma, na kila Novemba ananiletea nyama.