Kutuliza kichwa msimu wa korosho

Kuanzia Oktoba mpaka Januari simu yangu haipumziki. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima hapa Tandahimba, mkoani Mtwara, na msimu wa korosho ukishafunguliwa kila mwenye shamba ana swali lilelile: "Dada, hela zimeingia?" Anauliza saa nne usiku, anauliza tena alfajiri. Katikati yake kuna magunia ya kupima, ugomvi wa mizani, stakabadhi za kuandika, lori lililokwama likielekea ghala kuu, na bei ya mnada ambayo kila mtu kaisikia kivyake. Mwili unalala, lakini kichwa kinabaki ghalani kinajumlisha kilo.

Kwa misimu kadhaa sasa nimekuwa nikifanya meditesheni, yaani kukaa kimya na kuifuata pumzi, na wanaojua huniuliza waanzie wapi. Nawaandikia hapa ninavyofanya mimi, kwa mtu ambaye hajawahi kujaribu na hana muda wa mbwembwe.

Kwanza tuuondoe ufukwe. Watu wengi wakisikia habari hizi wanawaza Msimbati, kule pwani ya Mtwara: mchanga, mivinje, jua linatua, mtu kakunja miguu. Mimi nasema ufukwe ni mahali pabaya pa kuanzia. Upepo wa kusi unakurushia mchanga machoni, watoto wanacheza mpira, muuza pweza anakusimamia kichwani, na wewe mwenyewe unatamani kupiga picha. Halafu Jumatatu unarudi huku kwetu juu, uwanda wa Makonde, ambako bahari haipo. Kama utulivu wako umeuacha Msimbati, ghalani utatumia nini? Anzia hapohapo unapoishi, na kelele zake zote.

Mimi nakaa uani, kwenye kiti cha plastiki nyuma ya jiko, nikishamaliza swala ya alfajiri na kabla sijawasha moto. Jogoo wanawika, jirani kafungulia redio, bodaboda inapita inakohoa. Sitafuti kimya. Kinachotakiwa ni kwamba kwa dakika tano hakuna mtu anayenidai kitu.

Namna ya kukaa isikusumbue. Kiti kinatosha, mkeka unatosha. Mgongo uwe umenyooka bila kujikaza kama askari wa gwaride, nyayo zikanyage chini, mikono iwe juu ya mapaja. Macho fumba, au yaangalie sehemu moja chini mbele yako. Mimi nikiwa na usingizi nayaacha wazi. Simu zima data, iweke kimya, tega muda wa dakika tano, kisha iweke mbali kiasi kwamba kuifikia lazima usimame. Hilo la mwisho lina faida kuliko unavyodhani.

Sasa pumua kama kawaida, kwa pua. Usiivute pumzi wala usiipambe. Chagua sehemu moja unayoisikia vizuri zaidi, ncha ya pua au tumbo linavyopanda na kushuka, ukae hapo. Kila ukitoa pumzi, hesabu kimoyomoyo: moja. Ukitoa tena: mbili. Ukifika kumi, rudi moja. Ukipotea, rudi moja. Ukijikuta uko kumi na saba, rudi moja. Basi. Njia hii ya kuhesabu pumzi ni ya zamani sana. Wabudha wa madhehebu ya Zen kule Japani mara nyingi humpa hiyo mwanafunzi anayeanza.

Inavyokuwa kweli ni hivi. Moja. Mbili. Yale magunia ya jana, moja lilikuwa na unyevu, niliandika? Niliandika. Au niliandika la jirani yake? Nikifika tu nitafungua daftari. Na yule dereva hajasaini. Leo ni tarehe ngapi... Halafu ghafla unashtuka: kumbe nilikuwa nahesabu. Moja.

Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa, wanasema "mimi kichwa changu hakiwezi." Ndugu yangu, ile sekunde uliyoshtuka ndiyo kazi yenyewe. Hakuna anayekuomba usiwaze. Akili inazalisha mawazo kama mbuzi wa jirani anavyorudi kwenye mihogo yako: unamshika sikio, unamtoa, hupigi kelele, humpigi, na unajua dakika mbili zijazo atarudi. Ukimtoa mara ishirini ndani ya dakika tano, umefanya mazoezi mara ishirini. Siku ambayo akili inatangatanga sana ndiyo siku unayofanya kazi nyingi.

Wala usidhani una ugonjwa. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walitoa utafiti walioufanya kwa kutumia simu: watu waliulizwa ghafla, wakati wowote wa siku, wanafanya nini, wanawaza nini na wanajisikiaje. Karibu asilimia 47 ya nyakati walizoulizwa, akili zao zilikuwa mahali pengine kabisa, siyo kwenye jambo walilokuwa wanafanya. Na kwa jumla walijisikia vibaya zaidi akili ilipokuwa imetoka kuliko ilipokuwepo. Nilipoisoma hiyo nilipumua, maana nilikuwa najiona peke yangu ndiye ninayepika kisamvu huku nikiwa ghalani.

Kuna jambo la pili ambalo ningemfundisha anayeanza, hata kama hatakaa kitini asubuhi. Weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, pale manesi wanapopima mapigo. Vuta pumzi taratibu, kisha itoe taratibu zaidi. Ukiwa mtulivu unaweza kuyasikia mwenyewe: ukivuta, mapigo yanakaza mwendo kidogo, ukitoa, yanalegea. Kuna mshipa mrefu wa fahamu unaoitwa vagasi, unaotoka kwenye ubongo na kushuka mpaka kwenye moyo na tumbo, na ndio unaoupunguza moyo kasi wakati pumzi inatoka. Kwa hiyo ukirefusha kutoa kuliko kuvuta, unaupa mwili amri ya kutulia bila kubishana na mawazo. Vuta ukihesabu mpaka nne, toa ukihesabu mpaka sita. Usilazimishe; ukihisi kizunguzungu acha, rudia pumzi yako ya kawaida.

Hiyo naitumia zaidi ghalani kuliko nyumbani. Mtu anapokuja na stakabadhi mkononi, sauti iko juu, watu wamejaa mlangoni, kukaa dakika tano ni ndoto. Pumzi tatu ndefu zinawezekana huku unamtazama usoni, na hata hajui kama unafanya kitu.

Swali ninaloulizwa kuliko yote huku kwetu si la mapafu, ni la dini. Mama yangu alinikuta uani nimefumba macho, akasimama kidogo.

"Mwanangu, unamwita nani?"

"Simwiti mtu, mama. Nahesabu pumzi."

"Haya. Ukimaliza kahesabu na kuku, jana mmoja hakurudi."

Hofu ya watu naielewa, maana mambo haya mengi yametoka kwenye dini za mashariki. Lakini kuhesabu pumzi hakuna maneno ya kumwabudu mtu wala sanamu. Daktari Herbert Benson wa Harvard, aliyewapima watu waliokaa hivi miaka ya sabini na kukuta miili yao inatumia oksijeni kidogo na moyo unakwenda polepole, aliwashauri watu wachague neno fupi, hata la imani yao wenyewe, walirudie kila wakitoa pumzi. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn naye alianzisha mafunzo ya wiki kadhaa kwenye hospitali ya chuo kikuu kule Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu, akayafundisha kama mazoezi ya kawaida bila kumtaka mtu abadili dini. Na hata hapa mkoani kwetu, anayevuta tasbihi baada ya swala, au watawa wa Ndanda walioko pale tangu 1906, hawahitaji kufundishwa na mtu faida ya kurudia jambo moja kwa utulivu.

Ila msimamo wangu ni huu: sichanganyi. Swala ni ya Mungu, siiswali ili presha ishuke. Zile dakika tano ni za kichwa changu. Wewe ukiona vinginevyo, sawa.

Vikwazo vidogo havina maneno mengi. Usikae ukiwa umetoka kula ugali mchana, utalala. Mguu ukifa ganzi, unyooshe. Ukiwashwa, jikune. Mtoto akija, mpakate, uendelee kuhesabu pumzi zake badala ya zako. Hilo nalipenda kuliko yote. Na kama kukaa kunakushinda kabisa, tembea: kutoka nyumbani mpaka ghalani mimi napita njia ya mchanga, na kuna siku nasikiliza tu unyayo unavyozama na kunyanyuka, simu ikiwa mkobani.

Lakini lipo jambo ambalo sitaki lichukuliwe kijuujuu. Kuna watu wakikaa kimya, yanayowajia si hesabu za magunia. Ni msiba, ni ajali, ni mambo waliyofanyiwa. Ukiona hofu inapanda, kifua kinabana au machozi hayakomi, fumbua macho, simama, nawa uso, shika kitu kigumu kama nguzo au ukuta, na usijilazimishe kurudi kitini siku hiyo. Kama usingizi umekupotea kwa wiki nzima na zaidi, chakula hakipiti, au unawaza kujidhuru, hapo siyo suala la kuhesabu pumzi tena. Mwambie mtu wa karibu siku hiyohiyo, nenda kituo cha afya. Hospitali za rufaa za mikoa yetu zipo, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi. Kwenda pale kwa sababu ya akili hakuna aibu zaidi ya kwenda kwa malaria.

Na pumzi hailipi deni. Malipo yakichelewa, yamechelewa. Bei ikishuka, imeshuka. Mkulima aliyepuliza salfa, dawa ya mikorosho, kwa mkopo ana haki ya kuwa na wasiwasi, na mtu akimwambia atulie tu bila kumjibu swali lake ni dharau. Kilichobadilika kwangu ni kidogo, na mume wangu ndiye aliyekiona kabla yangu. Alisema, "Siku hizi nikikuuliza chumvi iko wapi, unaniambia chumvi iko wapi." Zamani nilikuwa namjibu habari za mnada.

Usingoje msimu ndipo uanze. Anza wakati mikorosho inapulizwa salfa, katikati ya mwaka, kazi ikiwa nyepesi kwetu sisi wa ofisini, mwili uzoee kabla ya vurugu. Dakika tano kila siku, saa ileile, kiti kilekile. Ukiruka siku, kesho kaa bila kujilipisha kumi. Kama unasoma haya na tayari ni Oktoba, achana na kiti kwanza. Shika simu. Ikiita, usiipokee papo hapo. Toa pumzi ndefu, mara moja, mbili, tatu, ndipo useme haloo. Mkulima hatakata. Aliyeyasubiri malipo wiki nzima ataisubiri na miito mitatu.