Genshin Impact kwa mtoto wa miaka 13

Dada, umeuliza kama umruhusu mtoto wako wa miaka 13 acheze gemu la Genshin Impact; kama ni hilo tu ndo analiomba, mi ningemwachia acheze. Mapigano yapo kibao, mapanga na uchawi, ila damu hamna, adui akipigwa anapotea tu, na Ulaya wameiwekea 12+. Nguo za baadhi ya madada humo ndani hmm, utaona mwenyewe.

Shida ni hela, maana gemu lenyewe la bure ila wahusika wazuri unawapata kwa kubahatisha, na nafasi za kubahatisha zinauzwa kwa hela; kila ukivuta (yaani ukibahatisha mara moja), uwezekano wa kupata wa nyota tano, wale adimu kabisa, ni 0.6%, uhakika mpaka mvuto wa 90 na hapo bado anaweza akatoka mwingine usiyemtaka, kamari kabisa hiyo. Januari 2025 FTC, wakala wa serikali ya Marekani wa kulinda wateja, iliibana kampuni ya gemu hilo ikakubali kulipa dola milioni 20 na isiwauzie hiyo mivuto walio chini ya miaka 16 bila mzazi kuridhia. Kwa hiyo Play Store weka paswadi kila manunuzi, na kadi yako usiiache humo. Akifika ranki (ngazi ya mchezaji ndani ya gemu) ya 16 anaweza kucheza na watu baki, wanachati pia, hapo mchungulie. Na simu iwe na nafasi, linakula GB balaa.