Re: Landilodi amefunga nyumba na kufuli, nifanyeje?

Wewe uliyeuliza kutoka Pipeline hapa Nairobi, unayelipa kodi ya shilingi 7,500 kwa mwezi na una deni la miezi miwili: hiyo kufuli haina sheria nyuma yake. Landilodi ana haki ya kudai pesa zake, hilo usibishane naye. Lakini kukutoa nyumbani kunahitaji amri ya korti, na kushika vitu vyako kufidia deni ni kazi ya dalali mwenye leseni. Keyataka, yule mwangalizi wa nyumba, na vijana wake hawana ruhusa hiyo.

Mimi nilifungiwa Umoja. Stima ikakatwa, kisha fundi akatumwa kung'oa mlango. Nilipiga picha kila kitu, nikamwandikia landilodi kwamba deni nalikubali na nitalipa kidogo kidogo kila wiki, nikaituma kwa WhatsApp ili tarehe ionekane. Halafu nikaenda kwa chifu. Chifu haamui kesi za kodi, ila simu yake moja ilimfanya landilodi akumbuke alikoweka funguo. Nilimaliza deni, nikahama kwa hiari yangu.

Akikataa kusikizana, ni korti. Watu watakutuma tribunali ya kodi za nyumba, lakini Sura ya 296 ya sheria za Kenya inayoisimamia inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nairobi hii! Kwa 7,500 yako, anzia korti ya hakimu, uombe amri ya kumzuia.

Na huyo aliyekuambia lazima upewe notisi ya miezi 3 amechanganya mambo. Hiyo iliingia kwenye Sheria ya Ardhi mwaka 2016 kwa wanaokaa kwenye ardhi bila idhini. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi hupewa notisi ya mwezi mmoja, kama mkataba hausemi vingine.

Haki ya makao pia imo kwenye Katiba, kifungu cha 43, na imewahi kung'ata. Wapangaji wa Muthurwa, zile nyumba za reli, walienda Mahakama Kuu mwaka 2010 walipoanza kufurushwa na kukatiwa maji. Mwaka 2013 jaji akasema haki zao zilivunjwa. Miaka mitatu hiyo, na wewe unataka kulala ndani leo. Kwa hivyo piga picha ya kufuli kabla hawajaitoa, toa nakala za meseji za M-Pesa za kodi uliyolipa, na uwe kwa chifu asubuhi mapema kabla foleni haijajaa.