Kituo cha betri karibu na shule: ulizeni haya kwanza

Dada, umesema kampuni inataka kujenga kituo cha betri za kuhifadhi umeme karibu na shule ya kijiji chenu, na baraza la chifu ni wiki ijayo. Msikatae kwa sababu ya uvumi, wala msikubali kwa ahadi za ajira. Nyingi za ajira hizo huisha ujenzi ukiisha.

Swali zito ni moto. Tarehe 16 Januari 2025 kituo cha Moss Landing, California, kiliwaka, na watu wapatao 1,200 wakaambiwa wahame. Betri zile zilirundikwa ndani ya jengo moja, tena za nikeli, manganizi na kobalti. Huko Geelong, Australia, mwaka 2021, makontena ya betri yalikuwa nje, na moto ukaishia kwenye mawili. Kwa hiyo ulizeni: betri ni za aina gani? Za chuma na fosfati hazishiki moto kirahisi hivyo. Makontena yataachana umbali gani? Upepo huvuma kuelekea wapi, maana moshi wake una sumu? Wazima moto watafika baada ya muda gani, na wamefunzwa? Nani ataziondoa zikichakaa?

Majibu yawe ya maandishi. Daini pia ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira iliyopelekwa NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali ihimize ushiriki wa wananchi katika masuala ya mazingira. Kampuni ikija bila ripoti hiyo, waombeni wazee wasitie saini chochote.