Daktari kijijini: zamu, vilima na begi la safari

Maswali ya safari hii yametoka kwa madaktari waliopangiwa vituo vya mashambani, penye milima na maporomoko, wanaotaka kuyatembelea kabla muda wao wa kazi haujaisha.

Nikiwa kwenye zamu ya kuitwa, naweza kutembea hadi wapi?

Hesabu dakika za kurudi, usihesabu kilomita. Kama mmekubaliana ufike ndani ya dakika 30, usivuke mahali pa kurudi kwa dakika 20. Kumi zilizobaki zitaliwa na kupokea simu, kuuliza hali ya mgonjwa, kunawa na kubadili viatu. Kwa miguu, kanuni ya mpanda milima Naismith ya mwaka 1892 bado inafaa: saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 5 inayopanda mita 300 ni saa moja na nusu bila kupumzika. Kuteremka nako kunadanganya, hasa kwenye utelezi, kwa hiyo usijipunguzie muda wa kurudi. Ukipiga hesabu vizuri utaona kwamba dakika 20 ni kama kilomita moja na nusu ya tambarare, basi.

Kinachowaponza wengi ni mtandao. Kilima huziba mawimbi: kileleni simu inashika, bondeni inakufa. Siku usiyo na zamu, pita njia hiyo na upige simu ya kweli kutoka kila kona. Usijaribu kwa ujumbe mfupi, maana unaweza kukaa njiani saa nzima ukafika kana kwamba hakuna tatizo. Njia yenye bonde bubu isiwe ya siku ya zamu. Gari nalo ligeuze lielekee kituoni kabla hujalishuka. Na kama daktari ni wewe peke yako, zunguka uani tu.

Natoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi. Naweza kuunganisha na mlima?

Hapana. Majaribio yameonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya makosa kama mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, na akifikisha saa 24 hukaribia asilimia 0.10. Miguu itakubeba, lakini usukani ndio utakaokushinda. Lala kwanza, alasiri tembea mahali pa tambarare, rudi kabla ya giza. Mlima uwe kesho yake.

Kwenye begi niweke nini?

Vichache unavyoweza kuvitumia ukiwa umepiga magoti kwenye matope: jozi 3 za glavu, bandeji 2 pana za kubana, kitambaa cha pembetatu, barakoa ya kupulizia pumzi, blanketi la foili, mkanda wa kuzuia damu kwenye mkono au mguu pamoja na kalamu ya kuandikia saa ulipoukaza. Ongeza adrenalini, ampuli 2 za mg 1 kwa ml 1, na sindano zake. Kwa mtu mzima mwenye mzio mkali ni mg 0.5 kwenye msuli wa paja, upande wa nje, na unarudia baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Dawa hii huharibiwa na joto na mwanga, kwa hiyo kuiacha garini juani ni kuitupa. Ikigeuka rangi au kuwa na chembe, usiichome. Chochote cha stoo ya kituo kisainiwe kwenye daftari kabla hakijatoka. Filimbi ni lazima: mipulizo 6 ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, anza tena.

Watu wananisimamisha njiani wanionyeshe vidonda. Nifanyeje?

Damu nyingi, pumzi inayokatika, fahamu inayopotea, mjamzito anayetokwa na damu: hao wahudumie hapo hapo. Wengine wasalimie, wasikilize, kisha uwape siku na saa ya kuja kituoni. Njiani huna faili, hujui mzio wala dawa anazomeza, na atakayempokea wiki ijayo hatakuta hata mstari mmoja. Wala usimuulize hali ya jirani yake uliyemtibu jana, hata kwa wema.

Kituo kiko mita 1,800. Nina siku 2 za mapumziko, nataka kilele cha mita 3,800.

Siku 2 hazitoshi, omba 4. Ugonjwa wa mwinuko huanza kuonekana kuanzia mita 2,500, na ukishavuka 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku. Lala karibu na 2,700, kisha 3,200, kileleni siku ya tatu alfajiri, na siku ya nne iwe akiba ya mvua. Asetazolamidi, dawa ya kuzuia ugonjwa huo, mg 125 mara mbili kwa siku, ukianza siku moja kabla, husaidia, lakini haikupi ruhusa ya kukimbia. Beba nguo za kutosha: kila mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6.5, kwa hiyo kileleni tarajia baridi ya nyuzi 13 chini ya kituoni.

Daktari ni mgonjwa mbishi. Kichwa kikimuuma na tumbo likichafuka, atasema ni kiu au usingizi. Kubalianeni mapema kwamba mwenzako ndiye mwamuzi. Akutembeze kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Ukiyumba, au ukihema ukiwa umekaa, mnateremka saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na hupewi nafasi ya kujitetea.