Kabla hujajua kuzima kompyuta kwa amri, jua kwanza kughairi

Mtu akinifuata anataka nimwonyeshe jinsi ya kuzima kompyuta kwa kuandika amri, huwa namwanzishia kwenye amri ya kughairi. Kuzima ni kazi ndogo sana, ishu ni kuisimamisha mashine ambayo tayari imeshaanza kuhesabu wakati dada wa masijala ana barua ndefu hajaisevu. Kwenye Windows unafungua CMD (lile dirisha jeusi la kuandikia amri) unaandika `shutdown /a` unapiga enta, basi, imeghairi. Kwenye Linux unaandika kwenye terminal (dirisha lake la amri) `sudo shutdown -c`, hiyo `sudo` ni kutumia ruhusa ya adimini, yaani msimamizi wa mashine. Ziandike hizo mbili kwenye karatasi ubandike pembeni ya skrini, maana siku ukizihitaji hutakuwa na muda wa kugoogle.

Haya, kuzima sasa. `shutdown /s /t 60` maana yake zima baada ya sekunde 60, ukiweka `/r` badala ya `/s` inazima na kuwaka tena yenyewe. Usipoandika muda kabisa Windows inasubiri sekunde 30. Saa moja ni 3600, masaa mawili 7200, na kikomo chake ni 315360000 ambayo ni miaka 10, kwahiyo usiwe na wasiwasi wa kuzidisha. Mimi hii naitumia sana usiku nikiwa nadaunlodi mafaili makubwa kwa bando la usiku, napiga hesabu litamalizika saa ngapi naongeza nusu saa ya ziada, naiambia mashine ijizime halafu nalala zangu.

Ila kuna jambo wengi hawaambiwi na linaumiza watu. Ukiweka muda wowote unaozidi sifuri, Windows inachukulia kwamba umesema pia `/f`, yaani muda ukifika inafunga programu zote kwa nguvu bila kumuuliza mtu kama amesevu. Ile `/t 0`, yaani zima sasa hivi, ambayo watu wanaiogopa ndo ina huruma kidogo, maana bila `/f` kama kuna programu ina kazi haijasevuliwa mashine inasita na kukuonyesha nani anazuia. Kwahiyo ukimwekea mwenzako dakika moja ukadhani umemfanyia ustaarabu, kama katoka kwenda kunywa chai umemfutia kazi. Muda mrefu na ujumbe vinaenda pamoja, kwa mfano `shutdown /r /t 900 /c "Sevu kazi yako, mashine inawashwa upya kwa ajili ya apdeti"`. Dakika 15 kwa ofisi yenye watu zinatosha, na pita pia mezani kwao uwaambie kwa mdomo, ujumbe wa kwenye skrini watu wanaufunga bila kusoma.

Kwa sisi tunaokaa sehemu ambazo umeme unakatika muda wowote, amri ninayoipenda kuliko zote ni `shutdown /h`. Hii haifungi kitu chochote, inachukua kila ulichofungua inakiandika kwenye diski ya mashine halafu mashine inazima kabisa, umeme ukirudi ukiwasha unakuta kila kitu kilivyokuwa. UPS (kile kisanduku cha betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika) ikianza kulia huna haja ya kuhangaika kufunga dirisha moja moja. Ikikataa, fungua CMD kama adimini uandike `powercfg /h on`, ufanye hivyo leo mchana umeme ukiwepo, usisubiri siku ya tatizo.

Halafu jamani, kuzima kwa kubofya menyu siyo kuzima kamili. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, ukibofya Shut down mfumo unafunga programu zako lakini moyo wake wenyewe unauhifadhi kwenye diski ili kesho uwake haraka. Ndo maana unakuta mtu anazima kompyuta kila jioni, printa bado inasumbua, sauti haipo, ukifungua Task Manager unaona Up time inasoma siku kadhaa. Mashine haijaanza upya hata siku moja! Dawa ni `shutdown /r /t 0`, kuwasha upya siku zote kunaanza mwanzo, au `shutdown /s /t 0` ambayo nayo inazima kikweli mradi hujaiongezea `/hybrid`, ambayo inairudisha ile Fast Startup. Na kama mashine yako ina Windows na Linux pamoja, hilo linakuhusu zaidi, maana Fast Startup ikiwa imewashwa unaweza kuingia Linux ukakuta diski ya Windows inakataa kuandikwa.

Kwenye maabara ya kompyuta ya shule ambayo naisaidia tunazima mashine zote kutoka kwenye meza ya mwalimu, `shutdown /s /m \\LAB05 /t 120`, hiyo LAB05 ni jina la mashine. Unahitaji uwe na akaunti ya adimini kule na fayawoli yake (ukuta unaochuja mawasiliano ya mtandao) iruhusu, ukipata Access is denied shida iko kwenye ruhusa za akaunti na siyo kwenye amri.

Upande wa Linux kuna mtego kwa waliozoea Windows. Kwenye Windows ukiandika `shutdown` peke yake inakuonyesha maelezo tu, kwenye Linux nyingi za sasa `sudo shutdown` peke yake ni amri kamili, mashine itazima baada ya dakika moja. Usiandike kwa kujaribu. Amri za kawaida ni `sudo shutdown -h now` kuzima sasa hivi, `sudo shutdown -r +15` kuwasha upya baada ya dakika 15, au unaweka saa kabisa `sudo shutdown -h 22:00`. Na kuna `-k`, inatuma onyo kwa wote walioingia lakini haizimi, nzuri sana ukitaka kuona nani yupo atakayelalamika.

Sasa nije kwenye seva ya mbali, hapa nawaomba mtulie. Uko Dar seva iko Mwanza, una madirisha matatu meusi ya amri yote yanafanana. Kabla ya enta andika `hostname` usome jina, kisha `w` uone nani mwingine yupo ndani. Kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, kuna paketi inaitwa molly-guard, ukitaka kuzima ukiwa umeingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye mashine ya mbali kupitia mtandao) inakulazimisha uandike kwanza jina la mashine, iweke leo leo. Na usichanganye kuzima na kuwasha upya, ukizima seva ya mbali ni mpaka mtu aende kubonyeza kitufe, labda uwe umeandaa njia nyingine ya kuiwasha. Kama umegusa `/etc/fstab` (faili linaloiambia Linux ifungue diski zipi ikiwaka) basi endesha `sudo findmnt --verify` na `sudo mount -a` kabla ya kuwasha upya, mstari mmoja uliokosewa mle unatosha kuifanya seva isiwake vizuri na wewe uko mkoa mwingine.

Kuna ujanja nauthamini sana ukibadilisha fayawoli kwa mbali. Kabla hujagusa kitu unaandika `sudo shutdown -r +15`, ndo unabadilisha sheria zako za iptables (amri za fayawoli ya Linux), ukijifungia nje hamna shida, dakika zikiisha seva inawaka upya na zile sheria ambazo hujazihifadhi zinapotea, mlango unafunguka. Ukiona mambo yako sawa unaghairi kwa `sudo shutdown -c`. Lakini angalia, zikibaki dakika 5 mfumo unafunga mlango kwa watumiaji wa kawaida wanaotaka kuingia upya, kwahiyo jaribu kuingia mapema kwenye dirisha jingine na hilo la kwanza usilifunge. Na kwa ufw, ile njia rahisi ya kusimamia fayawoli ya Linux, haitakusaidia, ile inahifadhi mabadiliko hapo hapo.

Mashine ya Linux ikiganda kabisa mbele yako usikimbilie kushika kitufe cha pawa. Shikilia Alt na kile kitufe cha PrintScreen chenye SysRq, kisha bonyeza S, subiri kidogo, U, subiri, halafu B. S inaandika kwenye diski data iliyokuwa bado kwenye memori, U inazifanya diski zisomeke tu zisiandikwe, B inawasha upya. Ubuntu inaruhusu hizo tatu bila kubadilisha chochote. Kazi ambayo hukuisevu itapotea lakini mafaili mengine yanakuwa salama zaidi kuliko ukikata pawa. Ikishawaka andika `journalctl -b -1 -e`, itakuonyesha mistari ya mwisho kabla haijaganda kama mfumo wako unahifadhi kumbukumbu za nyuma, na mara nyingi mkosaji utamkuta pale, iwe ni memori iliyojaa au diski iliyoanza kuchoka.