Cherehani ya shosho si chuma chakavu

Kuna dada wa Kayole ameniandikia juzi. Ana elfu kumi na tano, mume anamwambia anunue ile mashini ndogo ya plastiki ya stima yenye mishono ya kila aina, yeye roho yake iko kwa Singer nyeusi ya kukanyaga aliyoiona Gikomba, na sasa anataka mimi niamue. Nimemjibu inbox lakini hili swali naulizwa kila mara kwa hivyo wacha niandike hapa kila mtu asome. Chukua ya chuma. Lakini usiinunue kwa macho, inunue kwa mkono, nitaeleza.

Kwanza mjue naongea nikiwa nimeshiba ushahidi. Januari hii nimeshona yunifomu za shule usiku na mchana, mashati, sketi, kaptura zile za kitambaa kigumu, na mashini iliyofanya hiyo kazi yote ni ile ile ambayo watu wa kwetu waliiita takataka.

Ilikuwa ya shosho, nyanya yangu. Alishonea kijiji kizima huko Murang'a, mpaka macho yalipokataa. Alipofariki watu walikaa chini wakagawana shamba, wakagawana ng'ombe, hata sufuria ziligawanywa, lakini mashini hakuna aliyeitaja, ikaenda kuwekwa nyumba ya kuku. Mimi nilikuwa Nairobi nasomea ushonaji, nikasema jamani ile mashini naitaka, nikaambiwa hiyo ni yako, utakuja uichukue. Kufika nyumbani Desemba naambiwa imeshauzwa. Kwa mtu wa vyuma. Kwa kilo, pamoja na mabati yaliyooza. Na binamu yangu aliyeiuza hakuona shida yoyote, akaniuliza, "Kwani si hiyo ni chuma tu?"

Hayo maneno bado yananiuma na sitaficha. Huyo huyo binamu yunifomu yake ya kwanza ya shule ilitoka kwa hiyo chuma.

Nikamfuata mtu wa vyuma hadi yadi yake. Mbao za meza zilikuwa zimeshang'olewa, zimebaki miguu na kichwa. Aliponiona uso akajua bei ni yeye anapanga, nikalipa mara mbili ya alichotoa na sikubishana. Kichwa nikakipakata kwa matatu mpaka mjini, na kile kichwa ni kizito wacha tu, miguu ikaja baadaye na lori la ndizi. Halafu sasa napeleka habari darasani nikidhani watu watafurahi, mwalimu wetu akasema mbele ya wote kwamba pale hawafundishi makumbusho. Darasa likacheka. Sawa.

Niliisafisha usiku kwa chumba changu Umoja. Mafuta ya zamani yalikuwa yamekauka yakawa kama gundi, gurudumu halisongi hata kidogo. Nikaweka mafuta taa kidogo kwa kila tundu la mafuta na kila mahali chuma inasugua chuma, nikaacha, nikarudia, nikaacha tena. Usilazimishe kamwe. Siku ilipokubali kuzunguka nikaondoa kesi ya bobini, nikafungua pale chini shato inapocheza, ile ndoano ya kushika uzi, nikakuta kishungi cha uzi kimejisokota hapo nyuma. Uzi wa samawati. Rangi ya yunifomu ya shule ya msingi ya kwetu. Ni shosho aliuacha pale, kazi yake ya mwisho mwisho. Nilikaa chini kwa sakafu nikalia, halafu nikaendelea kupangusa.

Na nilipopangusa pale juu ya kitako, upande wa kulia, ikatokea namba ya mashini yenyewe, inayoanza na herufi EG. Wale wenye Singer za zamani angalieni hapo. Namba nyingi zenye herufi mbili zinazoanza na E zilitoka kiwanda cha Singer cha Kilbowie, mji wa Clydebank, Scotland, na ile K mnaona kwa majina ya aina za Singer kama 15K na 201K ni ya hapo Kilbowie. Kiwanda chenyewe kilifungwa 1980. Kwa hivyo ukipata iliyotoka huko ujue hata ile changa kabisa imeshapita miaka arobaini, na bado inashona.

Sasa kununua. Nembo isikudanganye. Singer aina ya 15 imeigwa sana, Wajapani walitengeneza za muundo huo huo kwa wingi baada ya vita vya pili, Wachina wana Butterfly yao ya Shanghai, na kuiga si dhambi, Butterfly nzuri ni mashini nzuri na spea zake nyingi zinaingiliana na za Singer 15. Shida ni ile imepigwa rangi nyeusi jana na kubandikwa stika za dhahabu zinazong'aa ili ulipe bei ya Scotland. Rangi mpya inaficha kutu na inaficha nyufa. Mimi naona afadhali ile imechakaa kwa uso, maua yamefutika pale mkono wa fundi ulikuwa unapita, hiyo imefanya kazi na inajulikana.

Zungusha gurudumu kwa mkono, polepole, kuja upande wako. Sikiliza. Iwe laini mzunguko mzima, ikikwama mahali pamoja kila mara kuna kitu kimepinda ama kimevunjika, ikiwa nzito sawasawa kote hiyo ni uchafu tu na mafuta yaliyokauka, hiyo inapona. Halafu shika ule mtaimbo unaobeba sindano uutikise, hautakiwi kucheza cheza. Fungua chini uone kesi ya bobini iko na ni yake, kwa sababu wauzaji hutoa kesi ya mashini moja wakaweka kwa nyingine. Pitisha karatasi bila uzi, uone kama yale meno ya chini ya kusukuma kitambaa yanaivuta sawa na matundu yamenyooka. Na uende na sindano yako mpya kwa mfuko. Muuzaji akikuambia "hii inaruka mshono kidogo tu," toa sindano yake, weka yako, ujaribu tena.

Hapo kwa sindano watu wanapoteza pesa nyingi bure. Hizi za nyumbani za aina ya 15 zinatumia HAx1, ile yenye upande mmoja bapa juu. DBx1 ya mashini za kiwanda ni ya mviringo, hiyo si yake. Na ukiweka, ule mfereji mrefu ukae upande uzi unaingilia, upande bapa ukae kule uzi unatokea. Nimeona watu wamepeleka mashini kwa fundi, wamelipa, na shida ilikuwa sindano imegeuzwa tu. Kitambaa cha shati weka namba 14, jinzi weka 16.

Mafuta ni yale meupe ya cherehani. Si ya gari, si ya kupikia, jamani si ya kupikia! Mafuta taa ni ya kufungulia uchafu peke yake, ukimaliza unaweka mafuta yenyewe, unazungusha, unapangusa. Na usisugue rangi nyeusi kwa spiriti, ile vanishi ya zamani itayeyuka na maua yote yataenda.

Halafu niseme hili na anayekasirika akasirike. Vijana tunapenda kuanza na vitu vya kupigia picha. Mtu anachukua mkopo wa simu anunue mashini ya plastiki yenye mishono mingi ambayo hatawahi kuitumia, gia ya ndani inavunjika, spea hakuna, mkopo bado uko. Na huko ushago kuna kichwa cha chuma kimefunikwa na gunia. Pigia mama simu leo. Uliza mashini ya nyanya iko wapi, uliza iko kwa nani, na ukiambiwa utapewa usingoje Desemba, panda gari wikendi hii uichukue. Kama ni kununua na pesa haijatosha, omba kulipa kidogo kidogo, usione haya, Singer wenyewe walianza kuuza hivyo huko Marekani tangu miaka ya 1850.

Mtaniuliza ovaloki, ile mashini ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke. Kweli hizi zinashona mshono wa kunyooka peke yake, mimi hukusanya kazi napeleka kwa mtu wa ovaloki Uhuru Market, ananihesabia kwa nguo, na sijaona sababu ya kununua yangu bado. Belti ya ngozi ikilegea usinunue nyingine haraka, toa ile pini, kata kipande kidogo, unganisha tena. Na fundi akikuambia anaweza kukuwekea mota, mwambie sawa lakini kanyagio na miguu vibaki vilivyo, kwa sababu stima ikipotea huku Eastlands jioni ya kuamkia siku ya kupeana oda, unarudisha belti chini unaendelea kukanyaga.